Shangazi, bosi Mjapani amesema "hai" na Mmarekani ameandika "amekubali", sasa lawama zote ni zangu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 26, nakaa Ntinda ila nimekulia Busia. Nilisoma uhasibu, alafu nikajifunza Kijapani jioni jioni baada ya kazi kwa miaka minne, saa hii nina N3, ile ngazi ya katikati ya mtihani wa Kijapani, N1 ndo ya juu. Mwaka jana nilipata kazi kwa kampuni ya Kijapani hapa Kampala, na kwa sababu tunanunua mashine kutoka kwa Wamarekani nikawekwa kukaa kwa mitingi za video kutafsiri. Sasa mwezi uliopita Mmarekani alileta bei mpya na mpango wa kulipa, bosi wangu akawa anaitikia "hai, hai" mpaka mwisho, alafu akasema "kentou shimasu". Mimi nikatafsiri, nikasema "ndiyo, ndiyo, tutalifanyia kazi". Jioni ile Mmarekani akatuma imeili kwa watu wengi anashukuru kwamba tumekubaliana. Niliiona lakini nikaogopa, nikanyamaza siku mbili. Bosi alipoisoma hakupiga kelele, alinyamaza tu na hiyo ndo mbaya zaidi. Mmarekani naye anasema wewe ndo uliniambia amekubali. Mama yangu anasema niache hayo mambo ya wageni nirudi kwa hesabu. Je hii ni kazi kweli, mtu anaweza kuishi nayo? Na sasa nifanye nini? — Msomaji wa Ntinda

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu maana imenirudisha mbali. Mimi nilienda Japani kusoma miaka ya tisini, nikaajiriwa huko huko, alafu kampuni ikanipeleka Ohio kwa tawi lao la vipuri vya magari, nikakaa miaka 11 katikati ya watu hawa wawili unaowasema. Hayo yaliyokupata nayajua kwa ngozi, kwa hivo nitakujibu kirefu na usikasirike nikikwambia pale ulipokosea.

Tuanze na lile neno. "Hai" ukiliangalia kwa kamusi ni ndiyo, lakini kwa mdomo wa Mjapani anayesikiliza ni kama "naam" yetu. Mtu akikusimulia alivyosumbuliwa pale mpakani Malaba na wewe unaitikia naam, ee, haya, kweli, hujamwahidi kwamba utamlipia ushuru, unamwonyesha tu kwamba masikio yako yako kwake. Wajapani wana jina kabisa la kuitikia huko, aizuchi, na wasipoitikia mwongeaji anadhani simu imekatika. Na "kentou shimasu" wewe mtoto wa Busia unaijua tangu zamani, ni ile "tutaona" ya mzee ukimwomba kipande cha shamba. Inaweza kuwa kweli ataangalia, na mara nyingi ni hapana iliyofunikwa shuka ili usiaibike mbele za watu. Wewe ulisema "tutalifanyia kazi", na Mmarekani kwake hiyo ni ahadi, ameshaanza kuhesabu siku.

Naye usimwone mbaya. Anatoka mahali ambapo kumwambia mtu hapana usoni ni kumheshimu, humpotezei muda, na jioni ile lazima apeleke ripoti kwa bosi wake kwamba mitingi imezaa nini. Akiona ukungu anaujaza mwenyewe kwa matumaini.

Lakini kosa kubwa mwanangu ni zile siku mbili. Neno likikosewa linarekebishwa dakika ileile. Wajapani wanafundisha mfanyakazi mpya kitu wanaita hōrensō, ukisikia haraka ni jina la mboga ya spinachi, lakini ni maneno matatu yamefungwa pamoja: hōkoku ni kutoa ripoti, renraku ni kupasha habari, sōdan ni kuomba ushauri. Habari mbaya iende juu mapema hata kama hujui dawa yake. Bosi wako angekuta wewe ndo umempelekea ile imeili asubuhi yake, ukamwambia samahani, nadhani nilitafsiri vibaya hapa, angekasirika kidogo na angekuamini zaidi. Alichokinyamazia ni zile siku mbili, mimi nina hakika.

Sasa nenda kwake, wawili tu, usiende kwa imeili ya watu kumi. Omba radhi mara moja bila kujieleza sana, alafu mwombe ruhusa umwandikie Mmarekani mistari mitatu: kwamba neno lililosemwa lilikuwa "tutalifikiria", kwamba kosa la tafsiri ni lako, na kwamba jibu litatoka tarehe fulani. Hiyo tarehe ipiganie kabisa kwa bosi, hata iwe wiki tatu mbele. Mmarekani anaweza kumeza hapana, anaweza kumeza bado, kinachomkosesha usingizi ni kutojua lini. Na siku nyingine mitingi ikielekea mwisho uliza kwa sauti, kwa lugha zote mbili, "tuandike kwamba hili bado halijaamuliwa?" Hakuna atakayeaibika kwa swali hilo.

Umeuliza kama ni kazi kweli. Ni kazi, tena ya zamani. Mwaka 1841 kijana mvuvi wa Kijapani wa miaka 14, Manjirō, alipotezwa na dhoruba pamoja na wenzake, wakaokolewa na meli ya Wamarekani waliokuwa wanawinda nyangumi, na kapteni William Whitfield akamchukua mpaka Fairhaven kule Massachusetts akamsomesha. Alirudi kwao mwaka 1851 wakati nchi bado imefungiwa wageni, akahojiwa miezi na miezi. Miaka miwili baadaye meli za kivita za Perry, kamanda wa Kimarekani, zinafika, na ghafla mtoto wa mvuvi anaitwa Edo, ndo Tokyo ya leo, kwa wakubwa kwa sababu hakuna mwingine anayewajua Wamarekani kama yeye. Lakini kuna sehemu ambayo inaniuma kila nikiifikiria: wapo wakubwa waliomshuku kwamba anawapenda mno waliomlea, wakamzuia asikae uso kwa uso na Wamarekani kwenye mazungumzo yenyewe. Mwaka 1860 ndo alipanda meli ya Kijapani Kanrin Maru kwenda San Francisco kama mkalimani. Kwa hivo ukishukiwa pande zote mbili kwa wiki moja, jua imewapata watu wengi kabla yako.

Na kazi haijaisha. Desemba 2023 Nippon Steel ya Japani ilitangaza kuinunua U.S. Steel, kampuni ya chuma ya kule Pennsylvania, kwa karibu dola bilioni 14.9, rais mmoja wa Marekani akazuia Januari 2025, mwingine akaruhusu, na ilikamilika Juni 2025. Mwaka mmoja na nusu wa mabunge, vyama vya wafanyakazi, mawakili na barua, na katikati ya kila barua alikuwepo mtu wa kumweleza Mjapani kwa nini jina tu la kampuni kuuzwa nje linawachoma watu wa Pennsylvania, na kumweleza Mmarekani kwa nini jibu kutoka Tokyo halitoki leo.

Hilo la jibu kutotoka leo ndo linawasumbua Wamarekani kuliko yote, na hapa sisi watu wa Uganda tuna bahati. Wewe umewahi kwenda kwanjula, ile sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Je kuna mtu anaenda kwanjula ili ajue kama binti amekubali? Kijana alishapitia kwa ssenga, shangazi wa binti, ssenga akaenda kwa baba, wakaja kukyala, ile ziara ya kwanza, wachache wachache, barua ikaandikwa, vitu vikatajwa, na siku ya kwanjula yenyewe wasemaji wa pande zote mbili wanaongea kwa madaha mbele za watu lakini mambo yaliisha kitambo. Mitingi ya Kijapani ni kwanjula. Ile kazi ya chini chini kabla yake wanaiita nemawashi, neno la wakulima, kuzungukia mizizi ya mti pole pole kabla ya kuuhamisha ili usife. Pamoja nayo kuna ringi, karatasi ya pendekezo inayotembea meza hadi meza na kila mkubwa anagonga muhuri wake, hanko, siku hizi mara nyingi ni kwa kompyuta lakini mwendo ni uleule. Inachukua muda mrefu, ila ikishafika juu hakuna wa kuipinga na utekelezaji unakimbia. Mmarekani anaamua haraka mitingini, watu wanabishana pale pale, na ubishi unaendelea hata baada ya kuamua. Mitingi yake ni baraza.

Sasa chukua mtu wa baraza umpeleke kwanjula bila kumwambia. Ataanza kujadili bei ya ng'ombe mbele ya wakwe! Na mtu wa kwanjula ukimpeleka barazani atakaa kimya akisubiri mambo yaliyokwisha yatangazwe. Mimi waliniita shangazi kabla sijawa na gazeti, na kazi yangu Ohio ilikuwa ya ssenga kabisa, kwenda kwanza kwa huyu, alafu kwa yule, kila kitu kiwe kimeshaongewa kabla ya ile siku.

Nikupe kisa kimoja nilichokiona kwa macho. Tulikuwa tunanunua zile raba za kuzuia mafuta yasivuje kwenye injini, mafundi wa soko la vipuri la Kisekka hapa Kampala wanaziita oilisili. Muuzaji Mmarekani akataja bei. Mkuu wetu wa manunuzi, mzee wa Nagoya, akakunja mikono, akafumba macho, akanyamaza. Juu ya mlango kulikuwa na saa ya duara yenye mshale mwekundu wa sekunde, na mimi nilikuwa naiangalia hiyo, ikapita sekunde ishirini, thelathini, arobaini. Yule Mmarekani akaanza kusogeza kalamu, akagusa tai, alafu akasema sawa, naweza kupunguza kidogo. Mzee bado kafumba macho. Sawa, alisema yule, naondoa na usafiri. Mzee akafumbua macho, akainama kidogo, mitingi ikaisha. Mimi nikadhani leo tumepata faida. Kule koridoni mzee akanishika mkono wa shati, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini ameshusha? Hizo raba zina ubaya gani?" Kumbe muda wote alikuwa anapiga hesabu ya usafiri kichwani tu, na bei ya kwanza ilikuwa inamfaa. Mtu akishusha bei mara mbili bila kuombwa, kwake ni dalili kwamba bidhaa ina kasoro. Akaagiza sampuli zote zipimwe upya, wiki tatu zikapotea, na yule muuzaji mpaka leo nadhani hajui alikosea wapi.

Mimi ndo nilipaswa kuwaambia wote wawili kabla. Tangu siku ile, kila mgeni niliyempeleka kwa mzee nilimwambia akifumba macho kunywa maji, usiongee. Na mzee mwenyewe nilimwomba aseme tu neno moja, "nahesabu", kabla ya kufumba. Alilisema mpaka alipostaafu.

Lakini kuongea peke yake hakutoshi, na hapa mama yako yuko sahihi kuliko anavyojua. Lazima uwe na ufundi wako chini ya lugha. Angalia NUMMI, kiwanda cha magari cha ubia. Kiwanda cha General Motors kule Fremont, California kilifungwa mwaka 1982, kilikuwa na sifa mbaya sana, mwaka 1984 Toyota na General Motors wakakifungua pamoja, wengi wa wafanyakazi wakiwa walewale wa zamani. Waliwapeleka Japani kwa makundi, wakasimama kwa laini wakifanya kazi bega kwa bega na Wajapani, wakaonyeshwa kamba ya kuvuta ukiona kosa ili laini isimame. Kwa Mmarekani wa kiwanda kile kusimamisha laini ilikuwa dhambi ya kufukuzwa. Huko akavuta, akaona kiongozi anakuja mbio kumsaidia. Hotuba isingembadilisha, alibadilika kwa kuvuta kamba. Ubora wa magari ukapanda, na kiwanda kikaendelea mpaka 2010. Watu waliofaa pale walikuwa wanajua gari kwanza, maneno yakaja nyuma.

Wewe ufundi wako ni hesabu, usiuache! Uganda tunatumia IFRS, viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu, na makampuni makubwa ya Kijapani yanazidi kuhamia huko, Toyota wenyewe walitoka kwa viwango vya Marekani wakaingia IFRS kuanzia mwaka wa fedha ulioisha Machi 2021. Malizia CPA yako ya hapa, ile mitihani ya mhasibu wa kitaaluma. Alafu jifunze maneno ya vitabu vya hesabu kwa Kijapani, wao wanaita boki na kuna mitihani yake ya ngazi ngazi. Ukiweza kukaa na mhasibu wa Osaka na mkaguzi wa Chicago juu ya ukurasa mmoja wa mizania ukawaeleza wote wawili kwa nini namba hazifanani, hakuna atakayekuita mkalimani tena. Na kumbuka mwaka wao wa fedha unaanza 1 Aprili unaisha 31 Machi, makampuni mengi ya Marekani yanafunga Desemba, kwa hivo ukiona Mmarekani anasukuma sana mwezi wa kumi na mbili na Mjapani anakimbia mwezi wa tatu, kila mmoja anakimbizwa na kalenda yake. Aprili pia ndo wanahamisha watu, yule uliyemzoea miaka mitatu anapelekwa idara nyingine, hakikisha anakukabidhi kwa mrithi wake kwa mdomo wake mwenyewe.

Mikataba pia. Mkataba wa Mmarekani ni mnene kama Biblia, kila baya linaloweza kutokea limeandikwa. Wa Kijapani mara nyingi ni mwembamba na mwishoni kuna kifungu kwamba likitokea lisiloandikwa tutaketi tuongee kwa nia njema. Mwanasheria wa Kimarekani akikisoma kile anadhani wamesahau kumalizia. Mweleze mapema.

N3 haitoshi kwa mezani, panda mpaka N2 angalau. Kijapani sisi tuna mlango ambao Mmarekani hana, irabu ni zilezile tano za Kiswahili, na kama unajua Kiganda tayari unasikia tofauti ya okuta na okutta, basi kite na kitte hazitakusumbua kama zinavyowasumbua wao. Kitu kingine nakipenda sana: sisi tukisema saa tatu asubuhi Kampala, mshale wa saa ya ukutani Tokyo uko kwenye tatu, maana wako mbele yetu saa sita na saa ya Kiswahili inahesabu sita nyuma. Hutahitaji kupiga hesabu tena. New York wako nyuma yetu saa 7 kwenye joto lao na 8 kwenye baridi, kwa hivo saa yetu tisa alasiri kwenye joto lao ni saa mbili asubuhi New York na saa tatu usiku Tokyo. Wewe tu ndo uko kazini katikati ya mchana wenye akili safi, hiyo ni sababu ya kweli ya kumweka mtu Kampala na uiseme kwa intavyu.

Mlango wa kwenda kusoma upo. Kuna ABE Initiative ya Japani iliyotangazwa kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, kule Yokohama mwaka 2013, inasomesha vijana wa Afrika shahada ya pili na kuwapa nafasi ya kujifunza kazi ndani ya makampuni ya huko. Ofisi ya JICA, shirika la Japani la misaada ya maendeleo, hapa Kampala watakueleza masharti ya mwaka huu.

La mwisho, nakuomba kama mama. Usitie sukari. Utaona bosi mmoja amesema neno kali na utatamani kulilainisha ili amani ikae. Lisemwe lilivyo, alafu eleza kando kwa nini limesemwa hivo. Na siri uliyoambiwa na huyu isivuke kwenda kwa yule hata kama ingekupa sifa. Niandikie bosi akishajibu, nataka kujua.

SWALI: Shangazi, kaka yangu hapa Jinja ameambiwa na ajenti alipe milioni kadhaa atapata skolashipu ya serikali ya Japani. Ni kweli? — Msomaji wa Walukuba

JIBU: Asilipe hata shilingi. Skolashipu ya serikali yao, ile ya wizara yao ya elimu inayoitwa MEXT, inaombwa kupitia ubalozi au chuo chenyewe, na hakuna ajenti anayeweza kuiuza. Kama kweli anataka kwenda kufanya kazi, ahakikishe kwa Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kama hiyo ofisi ya ajenti ina leseni, aende mwenyewe kuuliza, asiridhike na karatasi ya kuonyeshwa kwa simu. Ile viza yao ya wafanyakazi wenye ujuzi iliyoanza Aprili 2019 inataka mtihani wa ujuzi na wa lugha, kwa hivo mtu akimwambia ataenda bila kujua hata kusalimia kwa Kijapani, anyanyuke aondoke. Na kama ameshatoa kitu, atunze risiti na meseji zote aende polisi leo.

SWALI: Nina mkutano na Wajapani wiki ijayo Kampala, kuhusu kahawa yetu ya Mbale. Kadi ya biashara naipokeaje? — Mkulima

JIBU: Kwa mikono miwili, kama ulivyofundishwa kupokea kitu kwa mzee. Isome, tamka jina lake, iweke mezani mbele yako mpaka mkutano uishe, usiandike juu yake na usiitie mfuko wa nyuma ukaikalia. Beba za kwako za kutosha kila mtu, na wakikuuliza kilo ngapi utaweza kuleta kwa msimu, taja ile ambayo hata mvua ikikataa utaifikisha.